Jinsi ya Kupata Chumba cha Poka Chenye Meza Changamfu na Mashindano Nafuu: Mwongozo Kamili

Mtu akiingia kasino kwa mara ya kwanza na kuulizia poka, mara nyingi huelekezwa kwenye meza ya nusu duara ambako anacheza dhidi ya mgawaji karata, na hapo anakuwa ameshapotea njia. Three Card Poker, Caribbean Stud na Ultimate Texas Hold'em zina jina la poka, lakini mpinzani wako ni kasino, na mchezo umepangwa ili kasino ibaki na faida. Chumba cha poka ni kitu kingine. Watu tisa au kumi wanazunguka meza moja, wanashindania pesa zao wenyewe, na kasino inakata sehemu yake kwa kazi ya kugawa karata na kusimamia meza. Ndiyo maana uchaguzi wa chumba una uzito mkubwa. Gurudumu la ruleti ni lilelile Jumatatu na Ijumaa, lakini meza ya poka hubadilika kabisa kulingana na nani ameketi.

Nimezunguka vyumba vingi, na jambo moja nimeliamini: uchangamfu wa meza na unafuu wa mashindano vyote hupimika kabla hujatoa hata senti moja. Wengi wanafuata sifa za chumba au ukubwa wa bango. Mwongozo huu ni wa kupima.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Hakikisha kwanza kwamba mchezo unaruhusiwa kisheria unakokwenda, na kwamba umri wako unakubalika. Uingereza ni miaka 18, Las Vegas na Macau ni 21. Beba kitambulisho halisi chenye picha, kwa sababu vyumba vingi havitakusajili kwa nakala iliyo kwenye simu.

Kisha tengeneza orodha ya vyumba. Kwa Marekani, programu mbili zinasaidia sana: PokerAtlas na Bravo Poker Live. Kwa vyumba vilivyojiunga nazo, utaona meza zinazochezwa saa hiyo, za kiwango gani, na majina mangapi yanasubiri. Kwa mashindano duniani kote kuna The Hendon Mob, hifadhi kubwa ya matokeo ya poka ya ana kwa ana. Wengi huitumia kuangalia nani ameshinda kiasi gani, lakini mimi naitumia kwa njia nyingine: natafuta kasino ninayoifikiria, natazama matokeo yake ya karibuni, nahesabu ni watu wangapi waliingia. Tangazo linasema yatakayokuja, matokeo yanasema yaliyotokea. Kama mashindano yaliyotangazwa kuwa makubwa yaliishia na watu kumi na wanane, umeshapata jibu.

Usiiamini ratiba iliyo kwenye tovuti ya kasino peke yake. Niliwahi kusafiri saa nne kwa sababu tovuti ilionyesha mashindano ya kila Jumatano. Nilipofika, meza zilikuwa zimefunikwa shuka, na mlinzi akaniambia kwa upole kwamba yalisitishwa miezi kadhaa iliyopita. Hili si ajabu: chumba cha poka kinaingizia kasino pesa kidogo kuliko mashine zikiwekwa mahali hapohapo, na baada ya kasino kufungwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, baadhi ya vyumba havikufunguliwa tena. Tovuti huwa za mwisho kujua.

Kwa hiyo piga simu. Omba uunganishwe na chumba cha poka chenyewe, si mapokezi. Anza na meza za pesa, yaani zile unazocheza kwa pesa halisi na kuinuka utakapo, tofauti na mashindano. Mazungumzo mazuri huwa mafupi, kama haya:

"Habari za jioni. Naulizia meza za pesa. Sasa hivi ngapi zinachezwa?"

"Karibu. Tatu. Mbili za 1 na 2, moja ya 2 na 5."

"Na wanaosubiri?"

"Ile ya 1 na 2 ina majina sita. Nikuandike?"

Sikiliza namna anavyojibu. Anayejua idadi kichwani anafanya kazi kwenye chumba kilicho hai. Akisema "inategemea" au "jioni watu huwa wanakuja", uliza saa ngapi hasa meza ya kwanza ilianza jana na ilivunjika saa ngapi. Meza iliyoanza saa mbili usiku na kuvunjika saa nne si ya kumsafirisha mtu. Uliza pia kama unaweza kuandikisha jina kwa simu, na litashikiliwa kwa muda gani. Vyumba vingine vinaruhusu, na hilo pekee linaweza kukuokolea saa nzima ya kusimama.

Zile namba mbili, 1 na 2, ni madau ya lazima ambayo wachezaji wawili huweka kabla ya karata kugawiwa, yanayoitwa blaindi ndogo na blaindi kubwa. Ndizo zinazopima ukubwa wa meza.

Saa na siku

Ijumaa na Jumamosi jioni ndizo saa zenye wageni wengi wanaokuja kuburudika. Asubuhi za katikati ya wiki hubaki na wenyeji wa chumba, wanaofahamiana na wanaocheza kwa subira, na kwa mgeni ni meza ngumu.

Lakini kuna saa moja ambayo wengi hawaijui. Tazama ni lini mashindano ya jioni yanafunga usajili wa kuchelewa, kisha fika kwenye meza za pesa muda mfupi baada ya hapo. Waliotolewa hawawezi tena kurudi kwenye mashindano, bado wana hamu ya kucheza, na baadhi wanataka kurudisha walichopoteza. Wanahamia meza za pesa hapohapo. Nimeona chumba chenye meza moja iliyopooza kikafungua meza mbili mpya ndani ya nusu saa kwa sababu hiyo tu. Msimu wa tamasha kubwa la poka athari hiyo huongezeka mara nyingi, maana wageni wamekuja na bajeti ya siku kadhaa.

Simama uangalie dakika ishirini

Ukifika, andikisha jina lakini usiharakie kiti. Mgawaji mzoefu hugawa takriban mikono 30 kwa saa (mkono mmoja ni mzunguko mmoja wa mchezo, tangu karata kugawiwa mpaka mshindi kupatikana), kwa hiyo ndani ya dakika ishirini utaona kama kumi, na kumi inatosha.

Hesabu watu wanaobaki mpaka flopu, yaani zile karata tatu za kwanza zinazofunuliwa katikati ya meza. Kwenye meza ya watu tisa, wakibaki wanne au watano mkono baada ya mkono, hata pale ambapo mtu amepandisha dau, hiyo ni meza changamfu. Akipandisha mmoja na wengine wote wakatupa karata, mkono ukaisha, ukaja mwingine ukaisha vilevile, hapo utalipia kiti na kununua usingizi.

Kisha tazama chipu, vile vipande vinavyotumika mezani badala ya pesa. Kama kiingilio cha juu kabisa ni blaindi kubwa 100 na unaona watu wawili wana marundo ya 300 au 400, pesa zimekuwa zikitembea. Kama kila mtu ana kiasi kilekile alichoingia nacho saa tatu zilizopita, hakuna kinachotokea. Tazama pia mikono ya wanaopoteza: je, wanatoa pesa na kununua chipu tena, au wanainuka? Meza ambayo watu hununua tena huku wakiendelea na hadithi yao ndiyo unayoitafuta.

Na sikiliza. Watu wanne wakiwa wamevaa vipokea sauti masikioni, macho kwenye simu, ujue wengi wako kazini. Meza yenye mazungumzo, ambapo mtu anaonyesha karata zake baada ya kushinda na mwenzake anapiga meza kwa mshangao, ina watu waliokuja kucheza. Kuna pia dau la hiari ambalo mchezaji huliweka kabla hajaona karata, mara mbili ya blaindi kubwa. Likiwekwa mara kwa mara, mchezo unakuwa mkubwa kuliko namba zilizoandikwa ubaoni. Zingatia hilo unapopanga bajeti, kwa sababu meza ya 1 na 2 yenye dau hilo kila mkono ni sawa na meza ya 2 na 4.

Kitu kingine kidogo ambacho mimi hukitazama kila mara ni msimamizi wa chumba. Mtu akisimama kuondoka, je, jina linalofuata linaitwa mara moja au kiti kinabaki wazi dakika kumi? Meza mbili zikibaki na watu watano watano, anaziunganisha? Chumba kinaweza kuwa na wateja wengi na bado kikafa kwa sababu hakuna anayejaza viti.

Makato: gharama isiyoonekana

Kwenye meza za pesa, kasino huchukua chake kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni kukata asilimia ya kila chungu, yaani jumla ya madau yanayoshindaniwa katika mkono mmoja, mara nyingi 10, mpaka kikomo fulani. Ya pili ni kulipia kiti kwa muda, kwa nusu saa au saa. Klabu za poka za Texas, kwa mfano, zinajiendesha kwa ada za uanachama na za muda, kwa sababu sheria ya huko haiwaruhusu kukata chungu.

Chukua meza ya 1 na 2 yenye watu tisa. Tuseme kila mkono unakatwa wastani wa 4. Mikono 30 ni 120 kwa saa. Gawanya kwa tisa: kila mchezaji anaiachia kasino takriban 13 kwa saa, zaidi ya blaindi kubwa sita. Hicho ndicho kilima ambacho hata mchezaji mzuri anapaswa kukipanda kabla hajaanza kupata chochote. Kikomo kikipanda kidogo, meza zenye madau madogo ndizo zinazoumia zaidi, maana makato yanabaki yaleyale huku vyungu ni vidogo.

Uliza pia kama kuna makato ya ziada ya jakpoti. Vyumba vingi hukata sehemu nyingine ya chungu kwa ajili ya mfuko unaomlipa mtu aliyeshindwa akiwa na mkono mkubwa sana. Mfuko ukiwa mkubwa huvuta watu, na hilo huchangamsha chumba, sikatai. Lakini kama unapita kwa siku mbili tu, uwezekano wa kuupata ni mdogo mno, na wewe umeshauchangia.

Usione haya kuuliza makato ni kiasi gani. Mara nyingi yameandikwa kwenye ubao au kwenye kibao kidogo kando ya mgawaji.

Mashindano: nafuu haiko kwenye kiingilio

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea bila mtu kujua, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kiingilio kina sehemu mbili: inayoingia kwenye mfuko wa zawadi, na inayobaki kwa kasino. Tazama karatasi ya mashindano, mara nyingi vimeandikwa kwa alama ya kujumlisha. Sasa linganisha haya mawili.

Mashindano ya kwanza: kiingilio 60, yaani 40 za zawadi na 20 za kasino. Unapewa chipu 10,000, na blaindi hupanda kila dakika 15.

Ya pili: kiingilio 150, yaani 125 za zawadi na 25 za kasino. Unapewa chipu 20,000, na blaindi hupanda kila dakika 30.

Mgeni atasema ya kwanza ni rahisi. Lakini ya kwanza inakata theluthi nzima ya pesa yako, ya pili inakata moja ya sita. Kisha pima muda. Chukua karatasi ya ngazi za blaindi na utafute ngazi ambayo chipu ulizoanza nazo zitakuwa sawa na blaindi kubwa kumi tu, kwa sababu ukifika hapo huna nafasi ya kucheza tena, umebaki na uamuzi wa kuweka zote au kutupa. Tuseme blaindi kubwa inakwenda 100, 200, 300, 400, 600, 800, 1,000, 1,200, 1,600, 2,000. Kwenye mashindano ya kwanza, ngazi ya 1,000 ni ya saba, kwa hiyo unaifikia baada ya dakika 90. Kwenye ya pili, ngazi ya 2,000 ni ya kumi, na utaifikia baada ya saa nne na nusu. Gawanya ada ya kasino kwa muda huo: ya kwanza inakula zaidi ya 13 kwa saa, ya pili haifiki 6. Lililoonekana la bei ya chini ndilo ghali.

Usidanganywe na idadi ya chipu. Chipu 50,000 zinazoanza na blaindi kubwa ya 1,000 ni sawa na chipu 5,000 zinazoanza na 100. Na ukiona karatasi ina ngazi nzuri mwanzoni, isome mpaka chini. Baadhi huruka ngazi baada ya mapumziko ya kwanza, na mchezo unageuka bahati nasibu wakati ambapo zawadi ndiyo inakaribia.

Yafuatayo uyaulize kabla ya kulipa:

- Kuingia tena kunaruhusiwa mara ngapi? Mashindano ya 60 yenye kuingia tena bila kikomo, pamoja na nyongeza ya chipu wakati wa mapumziko, kwa wengi huishia kuwa ya 140 au 200. Panga bajeti kwa gharama hiyo. Kama uwezo wako ni kiingilio kimoja, tafuta mashindano yasiyoruhusu kurudi, uwe sawa na wenzako.
- Kuna asilimia inayotolewa kwenye mfuko wa zawadi kwa ajili ya wafanyakazi? Ikiwepo, ijumlishe kwenye ada. Pia itakusaidia kujua utatoa bahashishi kiasi gani ukishinda, kwa sababu desturi zinatofautiana sana kati ya nchi na nchi.
- Zawadi iliyodhaminiwa ni kiasi gani, na kwa kawaida wanaingia watu wangapi?

Hilo la mwisho linaweza kukupa faida ya kweli. Kasino ikiahidi mfuko wa 10,000 na kila mchezaji anachangia 100, zinahitajika nafasi 100 kuujaza. Wakiingia 80 tu, kasino inajazia 2,000 kutoka mfukoni mwake, na pesa hiyo mnaigombania ninyi. Siku ya mvua kubwa, au siku ya fainali ya mpira, ndizo ambazo mapengo ya namna hii hutokea. Soma lakini maandishi madogo, maana wengine hujihifadhia haki ya kufuta mashindano watu wasipofika.

Uliza pia kama wanafuata kanuni za TDA, chama cha wakurugenzi wa mashindano kilichoanzishwa mwaka 2001. Vyumba vingi duniani vinazitumia, na ukizijua mahali pamoja utakuwa umezijua kwingi. Mgogoro wa saa saba usiku juu ya dau lililowekwa kwa mikono miwili humalizwa haraka pale kanuni zilipoandikwa.

Mlango wa pembeni: mchujo na matamasha

Mwaka 2003 Chris Moneymaker, mhasibu wa Marekani, aliingia kwa dola 86 kwenye mchujo wa mtandaoni, yaani mashindano madogo ambayo zawadi yake ni tiketi ya mashindano makubwa, na kupata nafasi kwenye mashindano makuu ya World Series of Poker, tamasha kubwa la poka la kila kiangazi huko Las Vegas, yenye kiingilio cha dola 10,000. Aliibuka wa kwanza kati ya washiriki 839 na kuondoka na dola milioni 2.5. Mwaka 2024 mashindano hayohayo yalikuwa na washiriki 10,112. Wachache sana watapata kama alivyopata, lakini njia aliyopitia ipo wazi katika vyumba vingi, kwa viwango vidogo zaidi.

Mchujo una hesabu yake. Tiketi ya 1,000, mchujo wa 120 ambapo 100 zinaingia kwenye mfuko wa zawadi: kila wachezaji kumi wanatoa tiketi moja. Kwa kuwa tiketi zote zina thamani sawa, huhitaji kuwa wa kwanza, unahitaji tu kubaki. Uliza mambo mawili kabla ya kuingia: tiketi inaweza kutumika siku nyingine au kugeuzwa pesa? Na kama umeshapata moja, ya pili watakulipaje?

Matamasha makubwa pia yana siku zake za viingilio vidogo. World Series ilianzisha mashindano ya Colossus mwaka 2015 kwa dola 565, na watu waliingia mara 22,374. Wakati huohuo wa kiangazi, kasino nyingine za Las Vegas, kama Golden Nugget, Orleans na Venetian, huandaa mashindano yao kwa viingilio vya chini. Kwa mchezaji wa bajeti ndogo, hayo ya pembeni ndiyo karamu yenyewe: kila siku kuna la kucheza, karatasi za ngazi zimechapishwa mapema, na meza za pesa zimejaa usiku kucha. Ulaya, King's Resort ya Rozvadov, huko Czech karibu na mpaka wa Ujerumani, na Dusk Till Dawn ya Nottingham, iliyofunguliwa mwaka 2007, ni mahali palipojengwa kwa ajili ya poka, na mtu anaweza kulinganisha ratiba zao wiki kadhaa kabla.

Siku yenyewe

Weka kando kiasi ambacho kikiisha maisha yako hayabadiliki, na kadi ya benki iache mahali usipoweza kuifikia kwa dakika tano. Kwa meza ya pesa, viingilio viwili kamili vinatosha kwa jioni moja. Kwa mashindano, hesabu kwamba mara nyingi utatoka bila chochote, kwa sababu zawadi hulipwa kwa takriban mmoja kati ya saba au wanane, na mara nyingine kwa mmoja kati ya kumi. Anayepanga kucheza matano na akaleta pesa ya mawili ataanza kucheza kwa hofu kwenye la pili.

Ukiinuka, kabla hujatoka mlangoni, andika mistari michache kwenye simu: siku na saa, meza ngapi zilikuwa zinachezwa, watu wangapi kwa wastani waliona flopu, makato na kikomo chake, na jina na zamu ya msimamizi aliyekuwa akijaza viti vizuri. Piga picha karatasi ya ngazi. Baada ya vyumba vitano au sita utakuwa na daftari ambalo hakuna tovuti inayoweza kukupa, na mwenzako akikuuliza Alhamisi aende wapi, utamjibu kwa namba.